Projekta ikigoma Mombasa: anza na dalili, usianze na kununua taa

Simu nyingi za projekta hapa Mombasa huja na hukumu tayari: "Fundi, taa imekwisha, nitafutie nyingine." Ukifika na kufungua kifuniko cha filta, unakuta taa haina kosa. Kilichokwisha ni pumzi. Filta imeziba, feni imelemewa na vumbi lililoshikana kwa unyevu wa bahari, au pini za waya zimeota kutu ya kijani. Taa ni miongoni mwa vipuri ghali ambavyo mwenye mashine anaweza kubadilisha mwenyewe, na ndiyo inayolaumiwa kwanza.

Matatizo hapa chini yamepangwa kwa dalili, vile watu wanavyoyaeleza wenyewe. Ndani ya kila dalili, sababu za kila siku zimetangulia na za nadra zimefuata. Fuata mpangilio huo hata kama unahisi jibu unalijua, maana ukaguzi wa kwanza karibu kila mara ni wa bure.

Kabla hujagusa kitu

Soma karatasi iliyobandikwa chini ya mashine. Unatafuta mambo mawili: mwanga unatoka wapi, na picha inachorwa na nini. Mwanga unaweza kutoka kwenye taa ya zebaki, LED au leza. Maisha ya taa ya zebaki kwa kawaida ni saa 2,000 hadi 5,000. LED na leza hufika 20,000 au zaidi. Kwa hiyo mwenye mashine ya LED akiambiwa taa imekwisha baada ya mwaka mmoja tu, asitoe pesa kabla ya kuuliza zaidi. Picha nayo huchorwa na vipande vya LCD, mara nyingi vitatu, kimoja kwa kila rangi, au na chipu ya DLP yenye vioo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Tofauti hii tutaihitaji tukifika kwenye madoa.

Vifaa si vingi: brashi mpya laini ya kupakia rangi, kipulizio cha mpira cha wapiga picha, kitambaa cha kufutia miwani, tochi na bisibisi. Vya kuacha ni vingi zaidi. Usipeleke projekta gereji ikapulizwe kwa kompresa, kwa sababu hewa ile hutoka na matone ya maji na mafuta. Makopo ya hewa ya kupulizia kompyuta nayo yasikaribie mashine yenye taa ya moto. Mengi husukumwa na gesi inayoshika moto. Dawa ya kusafishia vioo vya madirisha, spiriti na petroli huharibu utando uliopakwa juu ya lenzi. Na ncha ya leso, hata leso ikiwa imetoka kufuliwa, ina nyuzi na chembe za mchanga zinazokwaruza kioo.

Zima, subiri feni isimame yenyewe, chomoa plagi ukutani, kisha iache mashine ipoe kwa saa nzima. Ndipo uanze.

"Inazima yenyewe baada ya dakika kumi"

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na msimu wake ni Januari hadi Aprili, joto linapokuwa limepanda na upepo wa kaskazi unafifia. Mashine inawaka vizuri, picha inakuja, mhadhara unaanza, kisha giza. Taa ndogo iliyoandikwa TEMP inawaka au kupepesa. Ukisubiri kidogo inakubali kuwaka tena, halafu inarudia yale yale kwa muda mfupi zaidi.

Anza na mahali ilipo. Projekta nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Chumba cha Mombasa mchana wa Machi kinaweza kuwa karibu na kiwango hicho kabla hujawasha chochote, na chini ya mabati hewa iliyo juu, pale mashine iliponing'inizwa, ni ya moto kuliko ile unayoihisi ukiwa umeketi. Weka kiganja karibu na dari. Ukiona joto ni kali, ishushe mashine kwa nusu mita au zaidi, au elekeza feni ya ukutani upande wa matundu ya kuingizia hewa. Hakikisha pia upande inapotoa hewa ya moto hauangalii ukuta ulio karibu, pazia, wala projekta nyingine.

Halafu filta. Kwenye mashine nyingi za LCD iko nyuma ya kifuniko cha plastiki cha ubavuni au chini, na hufunguka kwa kidole tu. Ukiivuta utaona safu ya kijivu kama blanketi, yenye nywele, nyuzi za zulia na, baada ya mvua za masika, mbawa za kumbikumbi waliofuata mwanga. Vumbi la bara hutoka kwa kupigapiga filta. La kwetu lina chumvi, linavuta maji ya hewani na kugeuka tope jembamba. Kwa hiyo brashi kavu pekee haitoshi kila mara.

Kama kitabu cha mashine kinaruhusu filta kuoshwa, tumia maji baridi na sabuni kidogo, kisha suuza sana. Hapa angalia maji yenyewe: visima vingi vya kisiwani na Kisauni vina maji ya chumvi, na filta iliyosuuzwa nayo ikikauka inabaki na unga mweupe ambao feni itauvuta moja kwa moja hadi ndani. Tumia maji matamu. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, usiku mzima ikibidi. Filta za karatasi au za kitambaa chembamba hazioshwi. Hupigwa brashi, au hufyonzwa kwa mashine ya vumbi ikiwa imewekwa nguvu ndogo. Zikichanika au kukakamaa, nunua nyingine. Kitabu kitakutajia kila baada ya saa ngapi usafishe filta. Kwa Pwani mimi hukata nusu ya muda huo, na kwa vyumba vinavyoangalia njia za malori kule Changamwe na Jomvu hukata zaidi, kwa sababu masizi ya dizeli hunata.

Usiitoe filta ukawasha mashine bila hiyo "ipate hewa". Itapata hewa kweli, pamoja na kila kilichomo ndani ya hewa hiyo. Kuna pia desturi ya kufunika matundu kwa kipande cha chandarua ili mijusi kafiri wasiingie. Nia ni njema, lakini matundu ya chandarua ni madogo, hujaa vumbi kwa wiki chache, na unakuwa na filta ya pili ambayo hakuna anayekumbuka kuisafisha. Kama mijusi ni tatizo, ifunike mashine ikiwa imezimwa na imepoa.

Kama filta ni safi na mahali ni pazuri, sikiliza feni. Mashine yenye feni mbili au tatu inaweza kupoteza moja bila wewe kujua, kwa kuwa sauti ya nyingine inaficha. Weka kipande cha tishu mbele ya tundu la kutolea hewa: kisukumwe kwa nguvu, kisiyumbe tu. Ukipuliza vumbi kwenye feni kwa kipulizio, zuia bapa lake kwa kijiti cha meno lisizunguke. Likizungushwa kwa kasi linaumiza beringi na linaweza kurudisha umeme kwenye sakiti. Usimiminie feni mafuta ya cherehani wala ya kulegeza kutu. Yatarushwa hadi kwenye vioo vya ndani, na hapo utakuwa umenunua tatizo kubwa kuliko lile la kwanza.

Acha na umwite fundi ikiwa feni haizunguki, ikiwa TEMP inawaka mara tu unapowasha mashine iliyolala usiku kucha (kihisi cha joto kimeharibika), au ikiwa kuna harufu ya plastiki inayoungua.

"Picha imefifia" au "imekuwa ya njano"

Angalia chumba kwanza. Watu wengi huilinganisha picha ya saa nane mchana, madirisha ya Nyali yakiwa wazi, na ile waliyoiona dukani gizani. Funga mapazia kisha uamue.

Pili, menyu. Hali ya ECO hupunguza mwanga kwa makusudi, na mtoto akichezea rimoti anaweza kuacha mpangilio wa rangi kwenye ule wa kurushia picha ubaoni au ukuta wenye rangi. Rudisha mipangilio ya kiwandani.

Tatu, lenzi. Hapa nyumba za Mombasa zina jambo lake. Moshi wa udi na ubani una mafuta na utomvu, nao ukipita mbele ya lenzi usiku baada ya usiku huacha ngozi nyembamba ya rangi ya chai. Kumbi za harusi zina udi na tena ile mashine ya moshi wa jukwaani, ambayo maji yake yakitua huacha utelezi. Mulika lenzi kwa tochi kutoka pembeni: ikiwa safi utaona rangi ya zambarau au kijani iliyong'aa, ikiwa na ngozi hiyo utaona ukungu mweupe kama maziwa.

Kuisafisha: pulizia kwanza, bila kugusa, ili mchanga uondoke. Kisha brashi laini. Kisha kitambaa cha miwani kikavu, ukizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni bila kukandamiza. Ngozi ya udi ikikataa kutoka, dondoshea kitambaani, si kwenye lenzi, tone moja au mawili ya maji maalumu ya kusafishia lenzi za kamera, na urudie kwa upole. Mara mbili tatu za taratibu ni bora kuliko moja ya nguvu. Na kama lenzi ina vidoa vitatu vinne tu vya vumbi, iache. Havionekani kwenye picha, na kila ufutaji una hatari yake.

Baada ya hayo ndipo tuizungumze taa. Menyu ina sehemu inayoonyesha saa ilizowaka. Idadi ya saa inayotajwa na watengenezaji kwa kawaida ni ile ambayo mwanga umeshuka hadi nusu ya ule wa mwanzo, kwa hiyo taa inaweza kuendelea kuwaka huku ukisoma maandishi kwa kukunja uso. Ikiwa imekaribia au kupita saa zake, ibadilishe. Usiguse kioo chake kwa vidole, kaza skrubu zote, funga kifuniko mpaka kiitike (kuna swichi ndogo pale inayozuia mashine kuwaka kifuniko kikilegea), halafu rudisha hesabu ya saa kwenye sifuri. Hatua hii ya mwisho husahauliwa, kisha mwenye mashine analalamika kuwa taa mpya "inadai kubadilishwa".

Unjano ulio sehemu moja tu, kama bakuli la njano au buluu lililotulia kwenye kona na halihami, ni habari nyingine. Kwenye LCD hiyo ni dalili ya karatasi ya kuchuja mwanga iliyoungua kwa joto. Haisafishiki. Fundi anaweza kuibadilisha kwenye baadhi ya mashine. Kwa nyingine gharama inakaribia ile ya kununua projekta iliyotumika.

"Kuna madoa"

Doa lina maelezo mengi, na umbo lake ndilo linalokuambia ufanye nini.

Doa pana lenye kingo laini, mithili ya wingu, kwenye mashine ya LCD: hilo ni vumbi lililotua ndani, kwenye kipande cha LCD au karibu yake. Zungusha pete ya fokasi mpaka maandishi yaharibike. Doa likizidi kuonekana wazi wakati picha inapotea, liko ndani, na kufuta lenzi ya nje hakutasaidia. Tengeneza kwenye laptopu kurasa tatu tupu, moja nyekundu, moja kijani, moja buluu, uzirushe moja moja. Doa litaonekana kwenye rangi moja tu na kutoweka kwenye nyingine. Mweleze fundi rangi hiyo, naye atajua afungue kipande kipi. Ukiwa na subira, unaweza kujaribu kupuliza kwa kipulizio cha mkono kupitia nafasi ya filta, mashine ikiwa baridi na imechomolewa. Mara nyingine doa linahama. Mara nyingine linahama na kuja katikati ya picha.

Vidoa vyeupe vidogo sana, vyenye kingo kali, kwenye mashine ya DLP: vioo vidogo vya chipu vimekwama upande wa kuwaka. Huanza kimoja viwili, baadaye vinaongezeka mpaka skrini inafanana na anga la usiku wa Mtwapa. Hakuna usafi unaoponya hilo. Chipu hubadilishwa, na kazi hiyo ni ya fundi anayeijua, kwa sababu chipu hukaa juu ya bamba la kupozea na inahitaji kupakwa upya dawa ya kupitisha joto. Akikuambia atapuliza tu na vitaondoka, tafuta mwingine.

Nyuzi zinazosambaa kama mizizi au utando wa buibui ndani ya kioo cha lenzi: ni kuvu. Hutokea mashine inapofungiwa kabatini miezi mingi, hasa wakati wa kusi, kwenye nyumba za kuta nene za matumbawe kule Mji wa Kale ambako hewa ya chumbani haikauki. Kuvu kichanga hakionekani kwenye picha ila kwa kupunguza ukali wa weusi. Kikiachwa kinakula utando wa kioo na alama inabaki milele. Lenzi haifunguliwi sebuleni, kwa sababu vioo vikipangwa upya vibaya kwa kiasi kidogo tu upande mmoja wa picha hautapata fokasi tena.

Ukungu unaokuja na kuondoka

Umetoa projekta kwenye ofisi yenye AC, ukaipeleka uwanjani Likoni baada ya Magharibi kuonyesha mpira. Lenzi inageuka nyeupe papo hapo. Huo ni umande, na kilichotokea juu ya lenzi kinaweza kuwa kimetokea pia ndani, juu ya sakiti. Usiiwashe ili "ijikaushe". Iache ndani ya mkoba wake uliofungwa kwa saa moja ipate joto la nje polepole, kisha itoe. Usiifute, usitumie kikausha nywele.

"Rangi zimebadilika ghafla"

Kila kitu kimekuwa zambarau, au kijani-buluu, au njano tupu, na jana ilikuwa sawa. Fungua menyu ya projekta yenyewe. Ikiwa rangi za menyu ni sahihi, projekta ni nzima na kosa liko kwenye waya. Ukaguzi huu wa sekunde kumi umeokoa mashine nyingi zisifunguliwe bure.

Waya wa VGA, ule wa zamani wa kichwa chenye pini nyingi, una mistari mitatu ya rangi: pini ya 1 ni nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Nyekundu ikikatika picha huwa kijani-buluu. Kijani ikikatika huwa zambarau. Buluu ikikatika huwa njano. Chomoa, uangalie kichwa cha waya kwa tochi. Pini iliyopinda inyooshwe taratibu kwa ncha ya bisibisi ndogo. Pini yenye unga wa kijani ni kutu ya chumvi. Ipige brashi kavu ya meno, na waya ubadilishwe ukipata nafasi, kwa sababu kutu hurudi. Usishtuke ukikuta tundu la pini ya 9 ni tupu: waya nyingi hutengenezwa hivyo.

Ikiwa hata menyu ina rangi mbovu: kwenye LCD, kipande cha rangi moja au utepe wake una tatizo, kwenye DLP, gurudumu la rangi (duara linalozunguka kutia mwanga rangi) limevunjika au kihisi chake kimechafuka. Zote mbili ni kazi ya fundi.

"Inaandika hakuna signali"

Kwanza chagua tundu sahihi kwa kitufe cha SOURCE. Pili, kwenye laptopu ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague kurudufisha skrini. Tatu, badilisha waya. HDMI ya kawaida inayozidi mita 10 huanza kukatakata picha au kumwaga nyota nyota, hata ikiwa mpya. Nne, zima vyote viwili, unganisha waya, washa projekta kwanza na laptopu baadaye. Filamu za kulipia zikigoma ilhali picha zako za simu zinaonyesha sawa, hiyo ni kufuli ya haki za filamu kwenye HDMI na wala si ubovu.

"Stima ilipotea, iliporudi haikuwaka"

Taa ya zebaki inayozimika ghafla bila feni kuipoza hubaki na joto kali, na ikiwa ya moto haikubali kuwaka. Chomoa plagi, subiri angalau dakika ishirini, jaribu tena. Mara nyingi tatizo linaishia hapo. Kuchomoa pia kunaiokoa na kishindo cha umeme unaporudi na kukatika mara mbili tatu kabla ya kutulia.

Bado kimya? Jaribu soketi kwa kuchomeka chaja ya simu. Kisha fungua plagi uangalie fyuzi: plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, na ikiungua badilisha kwa ile ile iliyoandikwa namba sawa ya ampea. Kufunga fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni kuondoa kinga iliyobaki kati ya mashine na moto. Badala yake, nunua gadi ya umeme inayochelewesha stima kwa dakika chache baada ya kurudi. Kwa ukumbi wa kazi, ongeza UPS (kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme stima ikikatika) inayoweza kubeba wati zilizoandikwa chini ya projekta. Dakika tano tu zinatosha taa ipozwe vizuri.

Fyuzi nzima, soketi nzima, mashine haionyeshi hata kitaa kimoja: ugavi wa umeme wa ndani umeungua. Usiifungue. Kapasita zake zinaweza kubaki na umeme wa mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa, na sehemu inayowasha taa hutoa maelfu ya volti. Hata ufundi wa redio haumpi mtu ruhusa ya kuingiza kidole pale.

Kelele

Mvumo mkubwa wa feni kwenye projekta iliyonunuliwa ikiwa imetumika Nairobi mara nyingi si ubovu. Kwa mashine nyingi, mahali palipo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari huhitaji feni kuzunguka kasi, kwa kuwa hewa ni nyepesi, na Nairobi iko karibu mita 1,800. Tafuta kwenye menyu mpangilio wa nyanda za juu, uuzime. Kule ilikuwa sahihi. Huku Kizingo inakusumbua masikio tu.

Mlio mwembamba unaopanda na kushuka kwenye DLP ni gurudumu la rangi ambalo beringi yake inachoka. Litaendelea kwa muda, kisha picha itapoteza rangi au mashine itakataa kuwaka. Mkwaruzo wa kitu kinachogonga: zima mara moja. Huenda ni bapa la feni lililovunjika, huenda ni mjusi.

Rimoti haifanyi kazi

Elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze. Ukiona mwanga wa zambarau kwenye skrini ya simu, rimoti ni nzima. Angalia kama jua au taa kali inapiga kihisi cha projekta. Usipouona mwanga huo kwenye simu, badilisha betri za rimoti na ukwangue unga mweupe kwenye springi.

Taa ikipasuka

Utasikia mlio wa bunduki ndogo. Taa hizi hufanya kazi kwa shinikizo la takriban mara 200 ya lile la hewa ya kawaida, na ndani zina zebaki. Zima umeme ukutani, fungua madirisha, toa watu wote nje, watoto na wajawazito kwanza, na mkae nje nusu saa au zaidi. Usisimame karibu na tundu la kutolea hewa, na usifagie haraka haraka wala kutumia mashine ya kufyonza vumbi, ambayo itatawanya mvuke. Usiwashe tena hata kama umeweka taa mpya: vipande vya kioo vimeingia kwenye feni na vioo vya ndani, lazima fundi avitoe. Projekta iliyo darini ikifanya hivyo, kifuniko kisifunguliwe na mtu aliyesimama chini yake akiangalia juu.

Ukishaamua kumwita fundi

Mpe taarifa, usimpe hukumu. Andika saa za taa kutoka kwenye menyu. Rekodi kwa simu jinsi vitaa vinavyopepesa, kwa sababu rangi na idadi ya mipepeso huonyesha kosa kwenye kitabu cha mashine. Mwambie kama stima ilikatika, kama mashine ilihamishwa, kama kuna mtu ameifungua. Uliza bei ya kuikagua kabla hajaanza, na akikubadilishia kipuri akuonyeshe kile cha zamani. Taa ya zamani usiitupe jaani. Ifunge kwenye boksi la ile mpya umrudishie muuzaji au fundi, kwa sababu ya zebaki. Ikishatengenezwa, iwashe mbele yake kwa saa nzima, chumba kikiwa na joto lake la kawaida na AC imezimwa, ndipo ulipe.